Ubao wa Bi Mwanaisha na Chuo Nilichokichagua

Ninyi mliobaki ofisini makumbusho mmenilalamikia miaka mingi juu ya mstari wa kumi na saba wa fomu ya milango. Vipimo mnavimaliza kwa nusu saa, picha kwa dakika tano, halafu mnafika kwenye ule mstari unaosema, "Uliza umetoka wapi na nani aliuleta," na hapo mnakwama barazani mwa watu mpaka adhuhuri. Mmeshakunywa vikombe vinne vya kahawa chungu na hadithi bado haijafika kwa babu. Najua, kwa sababu mstari ule niliuweka mimi. Sasa nimestaafu, nimepewa saa ya ukutani ambayo marehemu baba yangu angeicheka, na ninayo nafasi ya kuwaeleza ulikotoka.

Wengine wenu, hasa mnaojaza maombi ya kwenda kusoma, mmeniuliza jambo jingine: nilichaguaje chuo cha shahada ya uzamili ya historia ya sanaa, tena zama zile, tena mwanamke wa mtaa wa Kuze? Mnadhani hayo ni maswali mawili. Kwangu mimi ni hadithi moja, na nitaisimulia kama ilivyokuwa. Vyeo sitaviandika. Vimo ndani ya faili langu, kabati la chini, panya wakiwa wamevisaza.

Nilianza kazi katikati ya miaka ya sitini, nimetoka chuo kikuu Kampala na shahada ya historia. Siku ya kwanza nilivaa buibui jipya na viatu vilivyonibana. Mkuu wetu wa makumbusho alikuwa Mwingereza mpole aliyekuwa akihesabu miezi ya kurudi kwao. Alinipokea kwa heshima nyingi, akanionyesha meza yangu, akasahau kunipa kiti. Niliona haya kuomba. Nikasimama dirishani kuanzia saa mbili mpaka saa nne, nikijifanya natazama bahari.

Aliyeniletea kiti ni Bwana Mutiso, mchoraji wetu. Alikuwa mtu wa Machakos, Mkristo, miaka arobaini na kitu, na kabla ya kuja kwetu alikuwa akichora madaraja ya reli.

"Bi Salma, umesimama tangu asubuhi," akaniambia. "Kwa nini hukusema?"

Nikamshukuru kwa kiti, nikakaa. Mngenijua wakati ule mngejua kwamba kutosema ndiko kulikokuwa tatizo langu lote.

Mutiso ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kikuu kilinifundisha vita na mikataba, lakini hakuna aliyeniambia kwamba kamba ya kupimia ya kitambaa hurefuka kwa hewa ya chumvi, na kwamba lazima kila Jumatatu uilaze kando ya rula ya chuma uone imekudanganya kiasi gani. Alinifundisha kutumia timazi, ule uzi wenye uzito mwishoni, ili nijue kama mlango umeinama au ni nyumba iliyoinama. Alinifundisha kuchukua alama za nakshi: unatandika karatasi nyembamba juu ya ubao, unaisugua taratibu kwa nta nyeusi ya washona viatu, na nakshi inajitokeza yenyewe. "Anza katikati, enda pembeni. Ukianza pembeni karatasi itakukimbia." Na daima penseli, kamwe si wino. Wino, alisema, aliwaachia watu wasiokosea, na hao yeye hajawahi kufanya nao kazi.

Alikuwa na kasoro moja tu machoni petu watu wa Mji wa Kale: alikuwa akiuliza. Kikombe cha kwanza hakijapoa, Mutiso ameshamuuliza mwenye nyumba kama nyumba aliinunua au aliirithi, na kama ndugu zake waliridhika. Mimi nilikuwa nikijifunika uso kwa ukaya wa buibui nikitamani baraza inimeze.

Kazi tuliyopewa ilikuwa kuorodhesha milango yote ya nakshi, kuanzia Ndia Kuu mpaka vichochoro vya Kuze. Tulikuwa na fomu ya mistari kumi na sita: urefu, upana, aina ya mti, hali ya miimo ya pembeni, hali ya mfaa wa katikati, maandishi kama yapo. Mimi nilikuwa nikiingia ndani kusalimia akina mama, Mutiso akibaki nje na ubao wake wa kuchorea. Mlango mmoja ungeweza kutuchukua siku mbili, moja ya salamu na moja ya kazi.

Mlango ulionitia maradhi ya kupenda kazi hii ulikuwa wa Bi Mwanaisha, Kuze. Bi Mwanaisha alikuwa mjane, shoga yake mama yangu tangu chuoni walikosomea Kurani. Alikuwa na sauti nzito na mkono mwepesi wa mahamri. Mlango wake ulikuwa na ubao wa juu uliochongwa mawaridi na mnyororo, na katikati, ndani ya duara, tarehe ya Hijra. Niliposugua nta na tarehe ile ikajitokeza kwenye karatasi, niliisoma mara tatu. Ilikuwa ya zamani kuliko ya mlango wowote tuliouandika.

Nitawaambia nilichokiona siku ile, kwa sababu nilikiona. Ubao ule ulikuwa mfupi kuliko mlango. Kila mwisho ulikuwa umeungwa kipande, upana wa vidole vinne, ili ufike kwenye miimo. Na mti wake haukuwa mmoja na wa miimo. Ubao ulikuwa wa mfenesi, umeiva rangi, na miimo ilikuwa ya msaji. Nikajiambia ni jua. Nikajiambia ni mchwa na matengenezo. Bi Mwanaisha alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, na sikumuuliza.

Mgeni hatanielewa hapa, lakini nyinyi wa mji mtanielewa. Kwetu humuulizi mtu mzima mlango wake umetoka wapi. Ni sawa na kumuuliza yeye mwenyewe alitoka wapi, alifika lini na nani alimtangulia, na kuna familia hazijapeana mkono mpaka leo kwa swali la aina hiyo. Mtoto aliyelelewa hujifanya anajua. Mimi nilikuwa nimelelewa vizuri sana. Nikaandika kwenye fomu kwamba huu ndio mlango mkongwe kuliko yote iliyosimama mahali pake, nikarudi ofisini nikiwa nimeshiba mahamri, na kwa miezi iliyofuata nikawa narudi kupima tena na kula tena.

Kutokana na mlango ule niliandika makala, na kutokana na makala ile nikaanza kuandikia vyuo, nikitia nakala yake ndani ya kila barua. Bibi mmoja mtafiti aliyepita makumbusho alikuwa ameniachia vijitabu vitatu vya masomo ya historia ya sanaa, neno ambalo mpaka siku hiyo sikujua kwamba ni somo. Nilivilaza kitandani nikavisoma kama mtu anayechagua khanga. Chuo cha kwanza kilikuwa Uingereza, cha zamani, chenye maktaba ya ghorofa tano. Cha pili kilikuwa magharibi ya India, idara changa ya walimu wanne. Cha tatu kilinijibu kwamba kwanza nijue Kijerumani, nikakifuta.

Nyumbani kila mtu alikuwa na rai yake. Baba alikuwa fundi saa, na kibanda chake kilikuwa Ndia Kuu, kati ya duka la vitu vya kale na duka la viatu. Saa za Kiingereza ndizo zilizomlisha maisha yake yote, kwa hiyo kwake jambo lilikuwa limekwisha.

"Uingereza," alisema. "Watu wakikuuliza umesoma wapi, utajibu neno moya na watanyamaza."

Mama alitaka India, kwa hoja kwamba huko nitapata wali uliopikwa na mtu mwenye akili zake. Mutiso hakusema chuo gani. Aliniuliza tu, "Nani atakufundisha? Unamjua jina?" Nilikuwa sijui hata mmoja. Ndipo nikaandika upya kwenye vyuo vyote viwili kuuliza nani ataisoma kazi yangu, na kama wanafunzi hutoka nje kutazama vitu au huvitazama vitabuni. Nyinyi mnaoomba sasa, ulizeni hivyo. Sikuzaliwa nikilijua swali hilo, nilifundishwa na mchoraji wa madaraja.

Barua ya India ilitangulia kufika, fupi, ikisema nafasi ipo na masomo yanaanza baada ya mvua zao. Wiki mbili baadaye ikafika ya Uingereza, karatasi nzito, muhuri mwekundu. Nilikuwa nimekubaliwa, pamoja na ufadhili wa masomo yote. Profesa mwenyewe aliandika kwa mkono wake chini kwamba mlango wangu wa Kuze umemsisimua, kwamba atauchapisha kwenye jarida lao, na kwamba nimpelekee nakala safi pamoja na mchoro kamili, ili vifike kabla ya mwisho wa mwezi. Mama alipiga kigelegele kimoja kikawaita majirani wote. Halua ilitoka sijui wapi. Baba alifunga kibanda chake mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliyooa.

Kesho yake nilikwenda Kuze na Mutiso ili achore ule mchoro kamili. Bi Mwanaisha alikuwa ameshapata habari.

"Ndoo ndani, mwanangu, wasimama yuani kama mgeni! Yeo nimefurahi. Mamako kanambia mlango wangu wenda Ulaya."

Mutiso hakuingia. Alikaa barazani, akachora ubao wa juu, akafika mwisho wake, akasimamisha penseli. Akasogea. Akapitisha kidole pale penye kiungo. Kisha akapaza sauti kuelekea ndani, kwa adabu yake yote ya bara.

"Mama, nisamehe kuuliza. Huu ubao wa juu, mbona ni mfupi? Ulitoka mlango mwingine?"

Mimi nilitaka kufa. Bi Mwanaisha akaweka sinia chini.

"Alhamdulillahi!" akasema. "Yeo nimepata mtu wa kuniuliza."

Akatoka mpaka kizingitini akajiegemeza, na akaanza. Ubao ule ulikuwa wa babuye mumewe. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa upande wa pili wa kisiwa, nayo ilianguka kwa mvua za masika.

"Hakikusalia ila ubao huu. Mume wangu na nduguye wakautia vitwani, wakaya nao kwa miguu hata hapa Kuze, ndiani watu wakidhani wamebeba jeneza, wawapa pole. Kwetu nyumba yaweza kufa, ubao haufi. Wenda na watu wake. Na hii miimo katonga fundi wa Kihindi wa Ndia Kuu, nami ni bibi harusi wa mwezi mmoya. Namuona kwa mato yangu, nimekaa dirishani, simalizi kumtazama, mume wangu akaona wivu!"

Alicheka mpaka akashika kifua. Mutiso alikuwa akiandika pembeni ya mchoro wake, kwa penseli. Mimi nilikuwa nimesimama na karatasi yangu ya nta mkononi. Mlango mkongwe kuliko yote uliosimama mahali pake ulikuwa na umri mmoja na ndoa ya Bi Mwanaisha.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza.

"Bi Mwanaisha, mimi nimeandika kwamba mlango wote ni wa tarehe ile. Nimewaandikia Uingereza."

"Na mbona hukuniuliza?"

"Niliona haya."

Kicheko kilimwisha. Akaketi pale kizingitini, na sauti yake ikawa ya chini.

"Haya ya nini? Miezi sita waya kwangu, wala mahamri yangu, wanipima mlango kama mshona nguo, nami nangoja. Nasema, yeo ataniuliza. Kesho ataniuliza. Hata nikadhani hadithi yangu haikutoshi."

Nimepata makaripio mengi katika miaka yangu ya kazi, mengine kwa maandishi, nakala kwa mkuu wa idara. Hakuna lililoniingia kama lile. Niliona kwamba sikumstahi Bi Mwanaisha hata kidogo. Nilimwacha mtu mzima na hadithi yake mdomoni kwa miezi sita na nikaita hiyo adabu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi ilipokuwa. Ndege ya barua ilikuwa ikiondoka Alhamisi, na hiyo ilikuwa Jumatatu. Ningeweza kupeleka makala kama ilivyo. Mkuu wetu nilipomweleza alisema ni jambo dogo, nitalirekebisha nikishafika. Baba alikunja uso.

"Ubao ni wa kale au si wa kale?"

"Ni wa kale, Baba."

"Basi umesema uongo gani?"

"Nimesema mlango."

"Hao Wazungu watakuya kuupima?"

Nilitaka kwenda. Sitawaficha. Nafasi niliipata kwa sababu ya mlango ule, na nikiuondoa mlango sikujua kitabaki nini. Na nilijua jambo jingine ambalo halikusemwa nyumbani lakini lilikuwa likitembea chumba kwa chumba: nisipoondoka mwaka ule, mwaka unaofuata nitaolewa, na mume wangu, hata awe mwema namna gani, hatanipeleka shule. Nilikuwa na mlango mmoja wa kutokea, nao ndio ule wa Kuze. Siku ya Jumanne niliandika barua mbili tofauti na kuzichana zote.

Jumatano asubuhi Baba aliniita kibandani. Alikuwa na saa ya mfukoni ya mteja, imefunguliwa mgongo. Akanipa kile kioo chake cha jicho nitazame ndani ya kifuniko. Mlikuwa na mikwaruzo midogo sana, herufi na alama, moja juu ya nyingine.

"Kila fundi anayeifungua saa hutia alama yake," alisema. "Huyu ni wa Bombay. Huyu wa Unguja, marehemu. Hii ni yangu. Waiona yenye msalaba mdogo kando? Siku ile nalivunda jino la gurudumu, kwa mkono wangu. Nikalitia jingine, nikatia alama, ili atakayefungua baada yangu ajue na asinilaani."

"Mwenyewe alijua?"

"Nalimwambia."

"Akafanyaje?"

"Akenda kwa fundi mwengine mwaka mzima. Kisha akarudi. Saa yenyewe ndiyo hii." Akafunga kifuniko, akakipangusa. "Kaandike barua yako. Lakini nakwambia mapema, Uingereza ni Uingereza."

Niliandika barua moja, nikaipiga taipu mara mbili, moja kwa kila chuo. Nilieleza kwamba nimekosea, kwa nini nimekosea, na nani amenisahihisha, na nikatia mchoro wa Mutiso unaoonyesha vile vipande viwili kama vilivyo. Niliziweka posta Alhamisi kabla ya saa tatu. Halafu nikarudi kazini nikapima mlango wa duka la manukato, na nikaupima vibaya, mpaka Mutiso akanituma nyumbani.

Majibu yalichukua wiki tano. Nilipungua mpaka buibui likawa la mtu mwingine. Ya Uingereza ilikuwa ya kiungwana kabisa, na sina neno baya juu yake. Profesa alinishukuru kwa ukweli wangu. Nafasi yangu ipo pale pale. Ila mlango, kwa kuwa sasa ni mchanganyiko tu usio na umri maalumu, hauna tena faida kwa utafiti, na nikifika watanipa mada nyingine. Wamefikiria michoro ya makanisa ya Italia, ambayo maktaba yao ina kila kitu juu yake.

Ya India ilipigwa kwa taipu iliyokosa herufi moja, iliyojazwa kwa mkono kila ilipohitajika. Aliyeiandika ni mwalimu aitwaye Dokta Kusum, na hakunishukuru kwa lolote. Aliuliza. Ubao ulibebwa na watu wangapi? Uliingiaje mlangoni, kabla ya miimo au baada yake? Yule fundi wa Kihindi jina lake nani, na alitoka mji gani, maana mawaridi ya miimo katika mchoro anadhani ameyaona mahali? Huko kwao, aliandika, ziko nyumba nzima zilizohama nguzo kwa nguzo, na hajawahi kupata mwanafunzi aliyetaka kujua zilihamaje. Mwishoni alinionya kwamba wanafunzi wao hukaa muhula mzima karakanani kwa maseremala kabla ya kuruhusiwa kuandika sentensi moja. Kama hilo halikuudhi, alimaliza, njoo, na uje na majibu.

Niliziweka barua zote mbili mezani kwa Mutiso. Alizisoma polepole, akazirudisha.

"Hii moja imekukubali wewe," akasema. "Hii nyingine imeukubali ubao. Unataka nini?"

Nilitaka ubao. Sitasema uamuzi ulikuwa rahisi, kwa sababu mpaka leo nikiona picha ya maktaba ya ghorofa tano moyo hunidunda. Na walikuwepo walionicheka, binti wa Kuze aliyeikataa Uingereza akasomee useremala Bombay, wakati Bombay kwenyewe wala sikuwa nikienda. Baba hakusema nami siku nne. Siku ya tano alileta sanduku la bati, amelipaka rangi ya kijani, na jina langu juu yake kwa herufi ndogo nzuri za mtu aliyezoea kazi ndogo. Nililia nikiwa nimelikumbatia lile sanduku, naye akajifanya anakagua bawaba.

Kabla sijaondoka nilikwenda kwa Bi Mwanaisha na daftari. Nilikwenda kuuliza swali moja, jina la yule fundi, na nikakaa jioni nne. Aliniambia jina la fundi, na jina la mkewe fundi, na wimbo aliokuwa akiuimba akichonga. Aliniambia ubao ulilazwa wapi usiku wa kwanza na nani alikataa kulala nao chumba kimoja. Nilipoaga alinishika mkono.

"Ukirudi uye uniulize tena. Sijamaliza."

Niliondoka kwa meli kutoka Kilindini. Miaka miwili ya India sitaieleza hapa, imo ndani ya kitabu ambacho mnacho rafuni na hamkisomi. Niseme tu kwamba niliharibu mbao tatu kabla ya kuchonga waridi moja, kwamba Dokta Kusum alikuwa mkali kama pilipili, na kwamba mji wa yule fundi tuliupata, na nyumba yao ina mawaridi yale yale.

Nilirudi mwisho wa miaka ile ya sitini. Siku ya pili tu nilikwenda Kuze na daftari langu. Bi Mwanaisha alikuwa amefariki tangu mvua zilizopita. Nyumbani waliona wasinitie simanzi ugenini, wakanificha. Nyumba ilikuwa imeuzwa. Mahali pa mlango ule palikuwa na mlango mpya wa kiwandani, laini, umepakwa rangi ya maziwa.

Nilisimama kichochoroni nikalia mbele za watu. Kisha nikaenda Ndia Kuu, duka kwa duka, kwa wauza vitu vya kale. Miimo nilipata habari zake: imenunuliwa na watalii na imeshapakiwa. Ubao wa juu hakuna aliyeuona. Nilirudi ofisini nikamwambia Mutiso kwamba umepotea, pengine umekuwa kuni.

"Umemuuliza mwanawe?" akasema. "Yule Mbarak, karani wa bandarini?"

"Amefiwa na mamake na ameuza nyumba. Nitamuulizaje jambo la ubao? Naona haya."

Mutiso aliweka penseli chini akanitazama. Nilichukua mkoba wangu nikatoka.

Mbarak alikuwa amejenga mtaa wa Tononoka, nyumba ndogo ya matofali ya saruji, mpya, bado inanuka chokaa. Niliuona kabla sijafika. Juu ya mlango wa kawaida kabisa wa dukani, ulikuwa umekaa ule ubao wa mfenesi, na mawaridi na mnyororo wake na ile tarehe ndani ya duara. Mlango huu ulikuwa mpana zaidi, kwa hiyo kila mwisho palikuwa pameungwa kipande kingine kipya, cheupe, kando ya kile cha zamani.

Mbarak alitoka. Tulisalimiana, nikampa pole ya mamake, tukaulizana hali za nyumba zote mbili mpaka salamu zikaisha. Kisha akanyamaza. Alisimama chini ya ubao wake akanitazama, na nikaona anajizuia kutabasamu.

"Mamangu kaniusia," alisema. "Kasema, akiya Salma binti fundi saa, mkaribishe, mpe kahawa, lakini usimwambie neno mpaka akuulize."

Nikatoa daftari.

"Mbarak, ubao huu umetoka wapi?"

Akaita mkewe aje akae, akavuta kiti, akaanza mwanzo kabisa, kwa sauti nzito ya mamake na maneno yake yale yale. Nyumba iliyoanguka kwa mvua za masika. Ndugu wawili na ubao kichwani, na watu njiani wakiwapa pole. Fundi wa Kihindi na bibi harusi dirishani. Mimi nilikuwa nikiandika, nikidhani najua mwisho wake.

"Kisha," akasema, "kukawa na msichana wa makumbusho. Akaukosea umri. Wazungu wakamsifu kwa kosa lake, wakamwita kwao, naye akawaandikia kwamba amekosea. Akenda India akajifunze kuuliza. Kisha mama akafariki, ndipo ubao ukaya hapa Tononoka."

Sikuweza kuandika tena. Mkewe Mbarak alidhani ni kahawa imenipalia, akaniletea maji.

Baadaye nilitoa fomu mkobani. Chini ya mstari wa kumi na sita palikuwa na nafasi nyeupe, kama vidole viwili. Nikaandika pale, kwa penseli, swali lile mnalolichukia, na nyuma ya karatasi jibu lote kama alivyonipa, na mimi nikiwamo. Vipimo nilikwenda kuvichukua kesho yake.